Nyota ya Mkono wa Kushoto

Mume wangu alikuwa na msemo wake: shanga ni ugonjwa wa wanawake ambao wajukuu wao wanakaa mbali. Aliusema kila alipokanyaga shanga sebuleni akiwa pekupeku, na kwa kuwa wajukuu wetu kweli wanakaa mbali, sikumbishia. Nilimwambia tu avae ndala.

Ugonjwa wenyewe niliambukizwa na jirani yangu wa dukani. Nilikuwa na duka la vitenge Mwanjelwa, hapa Mbeya, na yeye aliuza vifungo, zipu na shanga chumba cha pili. Ni mama wa Kiislamu. Babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, wakakutana na baridi yetu, wakabaki nayo. Nilipofunga duka kwa sababu ya magoti, alinipa pakiti ya shanga nyekundu na sindano nyembamba, akasema, "Dada, wewe ukikaa bila kitu mkononi utagombana na mtaa mzima." Ananijua. Nilianza na bangili, nikaenda kwenye hereni na mikufu, na kila ukifika mwezi wa kumi na moja naacha vyote, nafanya mapambo ya Krismasi: kengele, malaika, na hasa nyota. Siuzi. Nagawa kanisani, nagawa kwa majirani, na niliyempa hereni nikikutana naye hajazivaa, namuuliza zimepotelea wapi.

Nyota yangu ina ncha tano. Unaanza na duara dogo la shanga katikati, unazunguka, mzunguko juu ya mzunguko, unakaza uzi kila shanga moja inapoingia. Ukimaliza, shanga zote zinalala upande mmoja, kama manyoya ya kuku. Kazi hii haitaki akili nyingi. Inataka utulivu, kitu ambacho mimi sikujaliwa, ndiyo maana naipenda.

Mwaka jana, wiki chache kabla ya Pasaka, mume wangu aliamka akashindwa kushika kikombe cha chai. Mtu aliyeendesha malori kutoka Tunduma mpaka Dar es Salaam miaka yote ya ujana wake, kikombe kikamshinda. Hospitali wakasema ni kiharusi. Mdomo ulirudi, na matani yake ya kuudhi yakarudi nao, nikamshukuru Mungu. Mguu ukarudi, ukichechemea. Mkono wa kulia haukurudi, ila vidole vilijitikisa kidogo. Ulibaki umelala pajani, na yeye akawa anautazama kama anayemsubiri mtu aliyeahidi kuja.

Jambo la kwanza aliloniambia maneno yalipotulia halikuhusu dawa. Alisema, "Mama asijue."

Mama yake anaishi kijijini, mbele kidogo ya mji wa Iringa. Ni bibi mzee sana ambaye bado analima, anaimba kwaya, na anamkumbuka kila mtu aliyemkosea tangu zamani. Sisi humwendea kila Krismasi. Kwake, mkono wa kushoto haumpi mtu kitu wala haupokei kitu kwa mtu. Ukinyoosha wa kushoto kuchukua kikombe, anakirudisha nyuma, anakusubiri, anakutazama mpaka ujirekebishe. Hata mimi, mkwe, alishanirudishia bakuli la maharage mbele ya wageni.

Sasa kumbe mume wangu alizaliwa mashoto. Hilo alinisimulia zamani, tukiwa wachumba, akicheka. Mama yake alikuwa akichana kipande cha kanga, anamfunga ule mkono wa kushoto kiunoni wakati wa kula, na tena jioni wakati wa kuandika, mpaka wa kulia ukajifunza kila kitu. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo alivyosema mama. Akakunjika. Akala kwa mkono wa kulia, akaandika kwa wa kulia, akaendesha malori. Na ule aliotengenezewa na mama yake ndio uliokufa, akabaki na ule uliokatazwa.

"Nitamsalimia na nini?" aliniuliza. "Mpaka huu uamke, Iringa siendi."

Nilidhani ni hasira za ugonjwa, zitapita. Hazikupita. Mama akipiga simu, mume wangu anaongea naye vizuri, anacheka, anasema kazi ni nyingi, mtu amestaafu siku nyingi! Mavuno yakapita hatukwenda. Harusi ya binamu yake ikapita. Siku moja mama akaomba kuongea na mimi. "Mkwe," akasema, taratibu kabisa, "mwanangu umemfungia huko kwenu?" Nikasema hapana, mama, tutakuja. Nilikata simu nikakaa jikoni. Niliumia sana. Miaka yote nimekuwa Mnyakyusa mwema kwa yule bibi wa Kihehe, leo naonekana mwizi wa mtoto.

Mama wa mazoezi ya viungo pale hospitali ndiye aliyeleta shanga kwenye habari hii. Alisema vidole vitafutiwe kazi ndogondogo: kuokota punje, kufunga vifungo. Nikarudi nyumbani nikaweka sinia mezani, nikatandika kipande cha blanketi ili shanga zisiviringike, nikamwaga zile kubwa za mbao. "Haya, dereva," nikamwambia, "gari lako hili."

Alijaribu. Mungu anajua alijaribu. Kipupwe chote tulikaa karibu na jiko la mkaa, mimi na nyota zangu, yeye na sinia lake, mkono wa kulia ukitetemeka juu ya shanga moja kama unaitafuta gizani. Akiipata, inateleza. Siku nyingine anaishika, anaiinua, ananitazama kwa furaha, halafu inaanguka. Nikamwambia kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Akasema aliyetunga maneno hayo alikuwa na koleo lingine. Siku moja akalisukuma sinia lote chini. Nikamwambia akirudia ataokota shanga kwa ulimi, kisha nikaenda kukata vitunguu ambavyo sikuvihitaji.

Ajabu ni kwamba hakuna kati yetu aliyeufikiria mkono wa kushoto. Ulikuwepo, mzima, umekaa pale mezani. Ukishazoea kwamba mkono fulani hautoi wala haupokei, hata kazi hukumbuki kuupa. Tulikuwa tunamwamsha aliyelala huku aliye macho anatutazama.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilikuwa zimeanza. Nilitoka Mwanjelwa na mfuko wangu wa nyuzi, nimelowa, nimekasirika, nikaingia kimya kwa sababu nilikuwa navua viatu vya matope mlangoni. Mume wangu alikuwa dirishani. Ule mkono wa kulia alikuwa ameulaza juu ya uzi, kama jiwe la kuzuia karatasi. Wa kushoto ulikuwa na sindano. Ulikuwa unadona shanga kutoka kwenye sinia, zile ndogo zangu, siyo za mbao, tu, tu, tu, kama kifaranga kwenye mtama. Nilisimama na kiatu mkononi.

Aliponiona akauficha mkono chini ya blanketi. Mwanaume mwenye mvi, baba wa watu wazima, ameuficha mkono kama mtoto aliyekutwa kwenye kopo la sukari. Nilicheka, halafu nikaacha, maana niliona uso wake. Aliogopa kweli.

"Endelea," nikamwambia.

"Ni kushoto."

"Naona ni kushoto. Mimi siyo mama yako. Endelea."

Basi akaendelea. Kumbe mkono ule haukusahau chochote. Ulikuwa mwepesi kuliko wangu, na haukuwa na vidole vizito vya usukani, au ulikuwa navyo lakini haukujali. Kwa wiki moja alinimalizia shanga za bluu zote, akawa ananituma dukani kama mtoto. Yule mama wa vifungo akauliza kama nimefungua kiwanda.

Tukakubaliana kushirikiana kwenye nyota moja kubwa. Yeye aanze katikati, mimi nimalizie ncha. Nilipozikaza zile ncha, nyota ikajikunja, ikainuka pembeni kama chapati iliyosahaulika kwenye moto. Nikafumua, nikarudia. Ikajikunja tena. Tukaichunguza chini ya taa ndipo nikaelewa: mimi nazunguka kuelekea huku, yeye anazunguka kuelekea kule. Shanga zake zinalala upande wake, zangu upande wangu, zikikutana zinasukumana.

"Fumua zako tuanze upya kwa njia yangu," nikasema, maana mimi ndiye fundi.

Alifikiri kidogo. "Hapana," akasema. "Wewe ndiye ufumue zako."

Tangu augue hakuwa amenikatalia kitu kwa sauti ile. Nilifumua. Akaimaliza nyota peke yake, ncha zote tano, mimi nikimshikia tu alipotaka kufunga fundo. Ilikuwa ya bluu na nyeupe, imetulia bapa kabisa, na kila shanga imelala upande ule usioutegemea. Akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza.

"Hii ni ya mama," akasema.

"Nani atampelekea?"

Akairudisha nyota mezani. "Tutaenda," akasema. "Akinifukuza, tutarudi."

Tuliondoka siku mbili kabla ya Krismasi. Basi lilikuwa la kawaida, na mimi sikufurahia chochote, nilikuwa nahesabu maneno ya kumwambia yule bibi. Nyololo kulikuwa na mvua na wauza pichesi wakikimbia na ndoo zao dirishani, sikununua. Yeye alishika boksi la viatu lenye nyota mapajani, njia nzima. Tulipofika Mafinga akaniomba nimfunge vifungo vya koti, na ule mkono wa kulia niutie mfukoni. Nikautia. Ulikuwa wa baridi.

Mama mkwe alikuwa barazani anachambua maharage. Nyuma yake, mlango ukiwa wazi, nililiona tawi la msipresi lililosimikwa kwenye ndoo ya mchanga, limezungushiwa karatasi za chooni na maputo mawili. Alisimama alipotuona, akapangusa mikono kwenye kitenge, akanyoosha wa kulia. Uso wake ulikuwa na furaha hata nikasahau simu ile.

"Kamwene, mwanangu," akasalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mama. Shikamoo." Akasimama hapohapo, mbali kidogo, mkono mfukoni.

"Marahaba. Toa mkono huo unisalimie. Unakuja kwangu umesimama kama bwana shamba?"

Mimi nilifungua mdomo. Mume wangu akatikisa kichwa ninyamaze. Akaweka boksi juu ya kiukuta cha baraza, akalifungua kwa mkono wa kushoto, akaitoa nyota, akamnyooshea mama yake. Kwa kushoto. Niliona macho ya bibi yakishuka kwenye ule mkono, na mkono wake mwenyewe ukarudi nyuma kwa mazoea, kama anavyokirudisha kikombe.

"Mama," mume wangu akasema, "wa kulia umelala. Umelala tangu kabla ya Pasaka. Nimebaki na huu."

Yule bibi alimtazama usoni, akatazama mfuko wa koti, akatazama nyota iliyokuwa inaning'inia hewani bila mpokeaji. Kisha akaipokea, akaisogeza karibu na macho, akapitisha kidole juu ya shanga.

"Nani kaifanya?"

"Mimi."

"Kwa mkono gani?"

"Kwa huu, mama."

Akageuka, akaingia ndani nayo. Tukabaki barazani na maharage. Mume wangu alikuwa anatazama kilima cha mbele, na mimi nilikuwa nimeshaamua: akituacha hapa, nitaingia nimwambie yote niliyomeza toka niolewe, Krismasi na iharibike. Tulisikia ndoo ikiburutwa. Tulisikia vyombo.

Alipotoka, nyota ilikuwa imeshafungwa juu kabisa ya tawi, niliiona kupitia mlangoni. Yeye alikuwa amebeba beseni na jagi la maji ya moto, na taulo begani. Nikawahi kumpokea, maana kwa desturi mdogo ndiye anayemnawisha mkubwa, na mkwe ndiye wa kwanza kunyanyuka. Hakunipa. Alimkalisha mwanawe kwenye kigoda, akapiga magoti chini kwa taabu, pamoja na umri wake wote ule, akaushika ule mkono wa kushoto akauweka juu ya beseni.

Alimimina maji kidogokidogo. Akausugua kidole kimoja kimoja, na katikati ya vidole, halafu akafika kwenye kifundo, pale ambapo kitambaa cha kanga kilikuwa kinafungwa. Hapo akakaa sana.

"Pole," akauambia ule mkono.

Kisha akaufuta kwa taulo, akanisukumia mimi jagi, akasema ninawe haraka, ugali unapoa.