Mzee Aliyefungwa kwa Ng'ombe Wake Mwenyewe

Sogea karibu unisikilize, ndugu msomaji, maana habari hii haitaki kupigiwa kelele. Amekufa yule mzee wa Kishapu, mla karamu kuliko wote. Nimeletewa habari na mchuuzi wa chumvi aliyetoka mnadani huko. Alinipa pole, akacheka, akaona haya, akanipa pole tena. Nilimwambia asione haya, kwani marehemu alikuwa mtu wa kuliliwa huku unacheka. Kwa miaka yote niliyomjua, hakuchinjwa ng'ombe katika vijiji vile, kwa arusi wala kwa matanga, naye asifike kabla nyama haijaiva. Akifika hukaa karibu na chungu, husalimia kila mtu kwa adabu, "Mwangaluka, mwangaluka," kisha huanza kulilia umaskini wake: "Mimi sina hata mkia wa ng'ombe, ndugu zangu." Watu humhurumia, wakamwongezea mchuzi.

Kumbe ng'ombe alikuwa nao. Wasomaji walio mbali na Usukuma huenda hawajui kwamba huku mtu mwenye akili haweki mifugo yake yote katika zizi moja. Humpa rafiki wa kijiji cha mbali amtunzie, mbele ya shahidi. Rafiki hunywa maziwa, na ugonjwa ukiingia kijiji kimoja, mwenye mali habaki mikono mitupu. Ni desturi njema, nayo ina faida nyingine ambayo marehemu aliijua vizuri: ng'ombe aliye mbali haonekani na jirani mwenye njaa. Mzee wetu aliwaweka wake wote kwa rafiki mmoja, akarudi nyumbani kuwa maskini.

Bahati mbaya rafiki yule akafa, na mwanawe akarithi zizi bila kuambiwa lolote. Mzee akaona awahamishe ng'ombe wake mmoja mmoja, kimyakimya, awapeleke kwa rafiki mwingine. Akaanza na kipenzi chake, jike jeusi lenye baka usoni. Alisimama nje ya boma la miiba, akamwita, naye akamfuata. Kijana akawakimbilia, na siku chache baadaye mzee alisimama katika baraza la mtemi akishtakiwa wizi. Akaulizwa, "Ulimchukua ng'ombe huyu?" Akajibu, "Nilimchukua. Nilimwita, akaja." Akaulizwa kama ana neno jingine. Akageuka nyuma, akawaona majirani zake wote wamekuja kumwonea huruma. Akasema hana. Basi ikaandikwa kwamba amekubali kosa, akapewa miezi sita, na ng'ombe akarudishwa kwa kijana.

Nilikwenda kumwona jela Shinyanga, nikampelekea tumbaku.

"Mzee, ng'ombe yule ni wa nani?"

"Wangu, toka ndama."

"Sasa mbona ulikubali?"

"Nilikubali kumchukua. Kwani sikumchukua?"

"Ungesema ni wako!"

"Mbele ya watu wale? Mwanangu, nimekula kwao wote. Miezi sita itakwisha. Sifa ya uchoyo haina mwisho."

Nilipokuwa nikiaga, nikamwambia habari niliyoisikia njiani, kwamba kijana anakusudia kumchinja jike lile siku ya kumkumbuka baba yake. Tumbaku ikamponyoka. "Atamchinja yule?" akauliza. "Anayenijua sauti?" Akasimama. "Nataka rufaa."

Hapa nieleze taratibu, maana wengi hukosea. Rufaa yake ilikwenda kwa Bwana Shauri, yule mkubwa wa serikali wilayani, naye alianza kwa kukunja uso: mtu aliyekubali kosa hasikilizwi tena, ila akidai kwamba adhabu imezidi au si ya halali. Usiikasirikie kanuni hiyo. Bila hiyo, kila mmoja angekubali asubuhi, asikie adhabu, akane jioni. Lakini kanuni ina mlango wake: ni lazima uwe umekubali kosa lenyewe. Kuchukua peke yake si kuiba. Kuiba ni kuchukua cha mwenzio, ukijua huna haki nacho. Bwana Shauri akasomewa maneno ya mzee, akaweka kiko chini. "Ulimwita, akaja? Ng'ombe wa watu?"

Mzee akawatazama majirani zake, waliokuwa wamekuja tena kusikiliza, akameza mate kama mtu anayemeza dawa, akasema, "Ni wangu. Na wengine mle zizini ni wangu."

"He!" akapaza sauti mama mmoja nyuma. "Na maziwa uliyoniomba kiangazi chote?"

Bwana Shauri akafuta hukumu, akaamuru shauri lianze upya mbele yake. Shahidi wa makabidhiano akaitwa, kijana mwenyewe akaridhika, mzee akatoka huru. Majirani walimngoja mlangoni wamejipanga. "Mla cha mwenzie na chake huliwa," wakamwambia. "Karamu lini, tajiri?" Alichinja dume, akilalamika tangu kisu mpaka mfupa wa mwisho. Jike jeusi halikuguswa. Mchuuzi wa chumvi ananiambia kwamba lilizeeka mlangoni pake, na kwamba siku ya maziko lilikuwa limesimama pale likitafuna, halina habari.

Namfikiria kila nionapo vijana wakipita kwenda machimbo ya dhahabu ya Geita, ambako hakuna anayewajua wao wala ng'ombe wao. Zamani wazee wa baraza walikujua toka utotoni, na ulichokinyamazia walikijaza wenyewe. Siku hizi karani huandika ulilosema tu, na anayesoma yuko mbali. Mzee wetu aliificha haki yake kwa kuogopa kuchekwa, na kumbe kuchekwa kulimgharimu dume moja tu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiulizwa barazani kama ulichukua, sema ulichukua, na papo hapo sema kwa nini, hata kama jirani yako anasikiliza. Ukiwa umekwisha kukubali jambo usilolitenda, omba rufaa upesi, ukatamke yale uliyoyameza. Usikae chini kabla hujasema neno la pili.