Ndege Niliyemwosha Kabla ya Wakati

Ninayoikumbuka, mwanangu, ni siku moja ya mwezi wa pili, siku ya barafu na upepo wa kukata masikio, siku niliyomuua kiumbe niliyetaka kumwokoa. Habari hii sijamsimulia mtu yeyote kikamilifu. Leo nakusimulia wewe, maana tangu jana nakuona unazunguka humu ndani kama mtu aliyekalia siafu, na damu hiyo najua umeirithi kwa nani.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilitoka Uvira, nikapitia kambi ya wakimbizi kule Kigoma, na sasa nilikaa huku kwa Waswidi, mtaa wa Rissne, asubuhi nikisafisha ofisi za mtaa wa Kista. Mdogo wangu Riziki alibaki kambini. Maombi yake yalikuwa kwa watu wa uhamiaji, nami nilingoja barua. Kungoja, mwanangu! Nilifungua sanduku la barua mara tatu kwa siku, na mwenye kuleta barua hupita mara moja tu. Maharage yaliungua jikoni nikiwa nimesimama dirishani. Tena kulikuwa na kijana mmoja wa mtaa wa Vällingby aliyenitia neno sikioni: anajua njia ya mkato. Riziki atoke kambini kimya kimya, apite jangwani, avuke bahari. Nilikuwa karibu kukubali.

Wiki hiyo mashua moja kuukuu ilizama gatini, mafuta yake yakatapakaa kwenye ghuba iliyo chini ya mtaa wetu. Majira ya baridi sehemu kubwa ya maji huganda, na ndege hukusanyika palipobaki wazi. Basi mafuta yaliwakuta wote pamoja. Walikuwa bata wadogo, weusi mgongoni, weupe ubavuni. Sisi wanakwaya wa kanisani tulizoea kuwaita pengwini, tukicheka. Siku hiyo hatukucheka. Walisimama juu ya barafu wakitetemeka, wakijichambua manyoya kwa midomo na kuumeza ule uchafu.

Ma Consolata, mama wa Kirundi aliyekuwa mkunga Bujumbura miaka mingi, alikuwa akijitolea pamoja na Waswidi waliowahudumia ndege hao. Alinishika mkono baada ya ibada. "Njoo, ma fille, binti yangu. Mikono yako inatafuta kazi."

Walikuwa wamepewa banda la mashua kando ya maji. Ndani kulikuwa na hita mbili, taulo, na maboksi yenye matundu. Akanipa masharti mara moja tu. Ndege akiletwa, mzungushie kitambaa asijichambue. Mpe maji kidogo kwa mpira mwembamba. Mweke ndani ya boksi, penye giza na joto, umwache.

"Na kumwosha?"

"Kesho, akishapata nguvu."

"Lakini Ma, amejaa mafuta!"

"Nimeyaona. Kesho."

Akatoka na wenzake kwenda kuchukua wengine. Nikabaki na maboksi. Ndani ya moja nilisikia mkwaruzo, ukanyamaza, ukaanza tena. Mwanangu, mkwaruzo ule uliniingia kichwani. Nilizunguka banda mara nne, mara tano. Nikajiambia, hawa wazee wanachelewesha mambo, kiumbe anateseka mbele yangu. Nikachemsha maji, nikayapoza kwa theluji, nikatia sabuni ya vyombo. Nikamtoa.

Alipapatika mara ya kwanza kwa nguvu, mara ya pili kidogo. Mafuta yalikuwa yanatoka kweli, weupe wake ukaonekana, nami nikafurahi! Kisha shingo yake ikalala juu ya kiganja changu. Nikamsugua, nikamfunika, nikampulizia pumzi. Basi.

Ma Consolata aliponikuta bado nilikuwa nimemshika. Hakunipigia kelele. Alimgusa kifuani kwa kidole kimoja, akaniuliza, "Nani alikuwa anaumia zaidi, yeye au wewe?"

"Nilitaka kumsaidia, Ma."

"Ulitaka uchungu wako wewe uishe. Yeye alitaka joto." Akavua glavu, akaketi. "Nimezalisha wanawake wengi. Niliowapoteza, wengine walilazimishwa kusukuma kabla ya wakati, kwa sababu watu wa nyumbani walichoka kungoja nje ya mlango. Walikuwa watu wenye upendo, hao. Sasa kaa hapa. Boksi hili ni lako mpaka jua litue. Usilifungue."

Nilikaa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami langu lilikuwa limeshavunjika. Miguu ilinicheza, kucha nilizitafuna zote. Saa zile chache zilinichosha kuliko kufagia ghorofa nzima. Kesho yake tulipofunua, ndege alikuwa amesimama, akanidonoa kidole mpaka damu ikatoka. Watu wawili tulimwosha, naye akavumilia. Wengine walikufa hata tulipongoja vizuri, sikufichi hilo.

Jioni hiyo hiyo nilimpigia Riziki kambini. "Usitoke," nikamwambia. "Ngoja."

"Mpaka lini, dada?"

"Sijui."

Akakata simu. Alinichukia, na hakukosea sana, kwa kuwa jibu la kwanza lilikuja la kukataliwa, tukakata rufaa, na ilipita miaka miwili kabla sijampokea uwanja wa ndege. Kuna wenzake waliofuata njia ile ya mkato. Mama zao hadi leo hawajui wawaombee kama walio hai au kama wafu.

Basi nisikilize. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na wahenga hawakusema hivyo ili vijana walale. Kungoja ni kazi. Ni kupasha joto, kunywesha, kulinda mlango, huku mikono inawasha kufanya jambo kubwa zaidi. Kabla hujanyoosha mkono kumwokoa mtu, au kujiokoa mwenyewe, jiulize unatuliza maumivu ya nani. Ukiona ni yako, kaa kwanza. Usidhani mimi nimeshapoa. Mpaka leo natetemeka nikisubiri, ila nimejifunza kutetemeka nikiwa nimekaa.

Kawia ufike, mwanangu. Mungu akupe kifua cha kustahimili siku ndefu, akuzungushie watu watakaokuambia "kesho" bila kukuogopa, na heri yako ikija ikukute mzima. Amina.