Tulivyouza Nyumba ya Mwenzetu

Bosi wetu hakutaka kusikia mtu akisema amechoka. Neno hilo alilipiga marufuku ofisini, pamoja na "labda" na "nitajaribu". Ukiteleza ukalisema, unasimama mbele ya kioo kirefu kilichobandikwa karibu na mlango wa choo, unajitazama machoni na kujiambia kwa sauti, "Mimi ni mshindi," mpaka yeye mwenyewe atosheke. Nilimwona mwanamume mzima, mwenye kitambi na mvi, akijiambia ni mshindi huku machozi yanamtiririka, na kila anayetoka chooni anamgonga na mlango mgongoni. Tulicheka. Siku hizo tulicheka sana, na wala hatukuwa na furaha.

Tulikuwa tunauza ardhi. Ofisi ilikuwa mjini Kisumu, juu ya duka la magodoro, na ploti zetu zilianzia Nyamasaria, zikapita njia ya Maseno, tulikowauzia wahadhiri ndoto ya hosteli za wanafunzi, zikafika hadi Kombewa. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, tayari tuko kwenye duara na fulana zetu za manjano, tunapiga makofi na mayowe utadhani tuko kwenye mkutano wa injili. Bosi alitufundisha tabia za watu waliofanikiwa: kuoga maji baridi, kuamka kabla ya jirani yako, kutokula na mtu ambaye hajauza. Hiyo ya mwisho sijui aliitoa wapi. Kama wiki hiyo hujauza, unakula peke yako kwenye ngazi, na wenzako wanapita juu ya sahani yako. "Sikuchukii," alikuwa anakuambia. "Nakuamsha." Mtu yule alinikera kiasi kwamba hata leo nikiona fulana ya manjano barabarani, navuka upande wa pili.

Ukiuza, au ukileta ploti mpya ya kuuzwa, unapewa vuvuzela, lile tarumbeta la plastiki la uwanjani, unalipuliza dirishani mpaka wenye magodoro chini wanalalamika. Kisha unataja ploti yenyewe na sisi tunashangilia. Ndiyo ilikuwa sherehe yetu.

Lakini kitu bosi alichojivunia kuliko vyote kilikuwa matanga. Huku kwetu mtu hazikwi mahali popote tu. Anarudishwa nyumbani, na watu wake wanakuja kutoka Nairobi, Mombasa, hadi ng'ambo. Ndugu ambao hawajasalimiana kwa miaka wanajikuta chini ya hema moja, wana huzuni, wana njaa, na wana shamba ambalo hawajui watagawana vipi. "Pale ndipo ardhi inapotokea," bosi alisema. Basi kila Ijumaa tulikuwa tunapangiwa mazishi ya Jumamosi kama walimu wanavyopangiwa zamu. Nguo nyeusi, sura ya upole, unapanga foleni ya chakula nyuma ya kaka mkubwa wa marehemu. Unampa pole. Unamuuliza polepole, ukiwa na sahani mkononi, kama familia imeshaongea kuhusu shamba. "Hamwendi kulia," alituonya, "mnaenda kusalimia." Marufuku ilikuwa moja tu: usitoe kadi ya biashara kabla jeneza halijashuka. Hiyo, kwake, ndiyo ilikuwa heshima.

Na alitufundisha kukagua makaburi. Mnunuzi wa upande huu, kabla hajauliza maji wala stima, anauliza kama kuna mtu amezikwa pale. Nani atakubali kulala na wafu wa watu wengine nyuma ya jikoni yake? Ploti yenye kaburi unaweza kuitembeza mwaka mzima na usipate hata mtu wa kuitemea mate. Kwa hiyo kabla hatujaipokea ploti tulikuwa tunaizunguka, tunafunua majani chini ya migomba, tunapapasa vichaka na fimbo. Ikiwa safi, tunaiandikia kwenye tangazo: haina kaburi.

Mwanamke aliyeketi meza ya pili kutoka kwangu aliamini yote haya kwa moyo wake wote. Sisi wengine tulikuwa tunaigiza, yeye aliamini. Alioga maji baridi hata akiwa na homa. Kwenye ukuta juu ya meza yake alibandika picha ya nyumba yake ya Nyamasaria, maana bosi alitaka kila mtu aweke mbele yake sababu ya kupigana. Nyumba yenyewe naijua, nimekula pale mara nyingi. Yeye na mumewe, fundi wa malori, waliijenga kidogo kidogo: mwaka huu kuta, mwaka ujao mabati, sakafu wakaisakafu wenyewe wakiwa wamepiga magoti. Wasichana wao wawili walizaliwa wakati bado madirisha yamezibwa kwa magunia.

Kasoro ilikuwa moja, na aliijua vizuri kuliko mtu yeyote. Ploti ile ilinunuliwa mume akiwa kazini mbali, kaka yake mkubwa ndiye aliyezungukia makaratasi, na hati ikatoka kwa jina la kaka. Basi ikabaki hivyo. Mwenzangu huyu kutwa nzima alikuwa kwenye simu akiwafokea wateja: "Badilisha jina kwanza, mama, chai utakunywa baadaye!" Siku moja nikamwuliza, na yako je? Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Yawa! Mimi niende kuitisha shemeji hati? Watasema nimeshapima bwanangu jeneza."

Na kweli wangesema. Mke anayeulizia hati mume akiwa hai, watu wanamsikia vingine kabisa. Nilimwelewa, tukaendelea na kazi.

Mumewe akafa. Aliugua kwa muda mfupi tu, na pale hospitalini alimwambia mkewe kwamba anataka kuzikwa Nyamasaria, nyuma ya jikoni, mahali alipokuwa anaegesha vyuma vyake. Wakwe hawakutaka kusikia. Walisema Nyamasaria ni nyumba tu, dala, boma la ukoo, ni kwa baba yake, Kombewa, na mtoto wa mtu hawezi kutupwa mjini. Lakini mwenzangu alikuwa na nafasi ya kushinda. Mchungaji wake alikuwa upande wake, na baba mdogo mmoja wa marehemu, mzee anayeheshimika, alikuwa amesema neno la mtu anayekufa lifuatwe. Alikuja ofisini kuomba ruhusa ya mazishi akiwa ameshaamua kupigana.

Bosi alimkalisha kwenye kiti kando ya meza yangu. Alimshika mkono. Nilisikia kila neno.

"Mama, pole sana. Lakini wewe ni mtu wa ardhi. Unajua kaburi inafanya nini kwa ploti. Ukimzika pale, hiyo nyumba umeiua. Wasichana wako wakitaka kuuza kesho, watauzia nani? Wacha wazee wachukue mwili. Wewe chukua mali. Fikiria kama mshindi."

Nikamwona akiitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayehesabu kimoyomoyo. Akafuta macho. Baadaye aliniambia, "Amesema ukweli. Ile nyumba ndiyo kitu pekee wasichana wangu wako nacho. Siwezi kuiharibia bei kwa sababu ya uchungu wangu." Na mimi, Mungu wangu, niliona ana akili. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tumefundishwa kuona. Jioni hiyo hiyo aliwapigia wakwe simu akawaambia wampeleke Kombewa.

Tulienda mazishini sote, bosi mbele. Mwenzangu alikaa kando ya jeneza na wasichana wake, kitambaa cheusi kichwani. Wakati wa chakula nilikwenda kukaa naye, maana hakuwa na nguvu ya kusimama. Kutoka pale tulikuwa tunaiona foleni. Bosi alikuwa nyuma ya shemeji mkubwa. Alimchukulia sahani. Alimfungulia soda. Aliinama kumsikiliza, mkono mmoja kifuani, kama anayesikiliza maombi.

Mwenzangu akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Ona vile bosi anamheshimu shemeji," akaniambia. "Huyu mtu ana roho safi."

 Nilikuwa nimeshasimama kwenye foleni kama ile mara nyingi mno mimi mwenyewe, na nilijua ule mkono wa kifuani una kazi gani. Nikajiambia hapana, hata yeye hawezi, si kwa mtu wake mwenyewe.

Shemeji alikuja ofisini majani ya kaburi bado hayajaota. Alikuwa amevaa koti la mazishi lile lile, na bahasha kwapani. Mwenzangu aliruka kutoka kitini kwa furaha. Alimkaribisha kwa magoti, akamtafutia kiti chenye mto, akakimbia kumpikia chai ya maziwa. Alipopita mezani kwangu akaninong'oneza, macho yakimwaka, "Ameleta hati. Anataka kunibadilishia jina." Akamwekea sukari nyingi, anavyopenda. Akaipeleka mwenyewe kwenye chumba cha bosi, na mlango ukafungwa nyuma yake alipotoka.

Chai ilikuwa haijapoa pale mlango ulipofunguka. Bosi alitoka na vuvuzela akaenda dirishani akalipuliza kwa nguvu zake zote. Halafu akatugeukia.

"Nyamasaria! Nyumba ya kudumu, ukuta, geti. Hati safi. Haina kaburi!"

Watu wawili watatu walishangilia kwa mazoea kisha wakanyamaza. Mwenzangu alikuwa amesimama na birika mkononi. Hakupiga kelele. Alimtazama shemeji yake, na yule mzee akatazama viatu vyake na kusema, "Nyathiwa, mwanetu, jina ni langu. Na watoto wako ni wasichana, wataolewa."

Alikwenda kwa chifu. Chifu akamwambia karatasi inasema inachosema. Alikwenda kwa wakili, akaambiwa haki anaweza kuipata, lakini ajiandae kuzeekea mahakamani. Kina mama wa kanisa walikuja kumwombea, na baba mdogo yule aliyekuwa upande wake akasema kwa masikitiko: "Mama, kama angekuwa amelala pale, hakuna mtu angethubutu. Ni wewe ulisema tumlete huku." Hilo ndilo lililomvunja. Alilia kwenye kifua changu, kilio kibaya.

Bosi alimpa wiki kisha akamwita. Wanunuzi walikuwa wamepatikana, mtu na mkewe, walimu kutoka upande wa magharibi, na alitaka yeye ndiye awatembeze. "Nani anaijua hiyo nyumba kuliko wewe? Kamisheni ni yako. Ukikataa, nampa mwingine, na nitajua wewe huna fikra za mshindi." Nilimwambia akatae. Nilimwambia tutoke wote wawili siku hiyo hiyo. Akaniuliza wasichana watakula nini. Nilichoweza ni kwenda naye.

Sijawahi kuona mtu akiuza vizuri hivyo. Aliwafungulia geti. Aliwaonyesha tangi la maji, akawaambia mvua ya Aprili inalijaza mpaka linamwagika. Jikoni akafungua dirisha na kusema hapa asubuhi jua linaingia mpaka mezani, hutahitaji taa. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Viatu vya msichana wake mdogo vilikuwa bado mlangoni. Alivisukuma pembeni kwa mguu bila kuvitazama.

Mke wa mwalimu alizunguka nyuma ya jikoni, akatazama ardhi.

"Hapa hakuna kaburi?"

"Hakuna, mama. Tembea popote."

"Na mwenye aliijenga? Amejenga vizuri. Yuko wapi?"

"Yuko Kombewa."

Yule mama akamwomba mwenzangu amfikishie fundi huyo pongezi zake wakikutana. Mwenzangu akasema sawa, ataambiwa.

Walinunua. Alihamia chumba cha kupanga na wasichana wake, vitanda vimewekwa kimoja juu ya kingine. Mimi niliacha kazi mwisho wa mwezi ule, lakini kabla sijaondoka bosi alileta wageni, vijana wapya waliotoka chuo, shati zimepigwa pasi, na akamsimamisha mwenzangu mbele yao. Aliwaeleza habari nzima. Hakuficha chochote, hakuona cha kuficha. "Mnamwona huyu mama? Aliuza nyumba yake mwenyewe. Na marehemu hajamaliza miezi. Nyinyi mnakuja hapa kuniambia mteja amekataa kushika simu? Mama, waambie siri yako."

Alisimama pale, mikono imeshikana mbele. Aliwatazama mmoja mmoja. Nilifikiri atalia, au atamrushia mtu kiti, na nilikuwa tayari kumsaidia kukirusha.

"Kama unapenda nyumba yako," akasema, "zika mtu wako ndani. Usisikize mtu wa ardhi. Bwanangu aliniomba nimweke nyuma ya jikoni, nikamnyima nikilinda bei. Angekuwa pale, mimi ningekuwa pale."

 Kijana mmoja alikuwa ameinamisha kichwa.

Bosi akapiga makofi mara moja, kwa nguvu. "Mmesikia? Hata yeye anakubali. Kaburi inaua bei. Andikeni hiyo."

Wakafungua kalamu zao wakaandika.