Togwa Niliyoibeba Mgongoni Kumpelekea Baba Jeni

Mwenzenu nimefukuzwa soba. Msinitazame hivyo, sikuwa nimelazwa mimi, mimi pombe nilikuwa sijawahi kuionja hata kwa ncha ya ulimi (nasema "nilikuwa", mtasikia mbele), nilikwenda kumwona mume wangu tu, lakini siku hizi nikipita barabarani hapa Kimamba nikasikia watu wanacheka nyuma yangu najua habari imeshafika, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaletewa iliyotiwa chumvi.

Baba Jeni wangu ni fundi baiskeli, mkono wake ukishika gurudumu lililopinda unadhani anambembeleza mtoto. Gongo ikamchukua pole pole, mwanzo jioni, baadaye mchana, mwisho asubuhi kabla ya chai, mpaka wateja wakawa wanachukua baiskeli zao wanapeleka kwa wengine. Siku moja mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, akakaa kitandani akaniambia, "Mama Jeni, nipeleke." Nikampeleka kwenye nyumba moja ya kuachisha watu ulevi, iko shambani huko nje ya Mikumi, na ndiyo hiyo watu wanaita soba. Sharti lao la kwanza: wiki kumi na moja hakuna kuonana, ni simu tu dakika kumi kila Jumapili.

Wiki kumi na moja! Ninyi mnaisikia hivyo hivyo. Mimi nililala upande wangu wa kitanda kama vile yupo, nisije nikamsumbua. Nilikuwa nafungua banda lake asubuhi, nakaa kwenye kigoda chake, nanusa grisi, kisha nafunga naenda zangu shambani (mkitaka kucheka chekeni). Na hiyo simu ya dakika kumi, dakika nane zote anaongea na Jeni habari za shule, mimi zangu mbili nauliza, "Umekula?" anajibu, "Nimekula," basi, imekatika. Nilikuwa namtamani mume wangu jamani, na kilichokuwa kinanitisha zaidi ni kwamba huenda yeye hanitamani, huenda huko walikomwosha pombe wamemwosha na mimi.

Ndipo ikaja ruhusa. Madamu Felista, yule mshauri wao, alinipigia mwenyewe: nije Jumamosi, kuna kikao cha familia zote, kikiisha tutaachwa wawili mpaka jioni, na Jumapili vivyo hivyo. Siku mbili nzima! Mwisho akasema, "Ila mama, usilete chakula wala kinywaji chochote." Nikaitikia, "Sawa madamu," huku moyoni nasema, huyu mama naye, mgonjwa anaendewa mikono mitupu kwa mila ya wapi?

Nikaamua kumpelekea togwa. Na togwa ninyi mnaijua, ni uji wa mahindi unatiwa kimea cha ulezi, unaachwa unakuwa mtamu, wanakunywa watoto, wanakunywa walokole, hailevyi hata kuku. Baba Jeni aliponichumbia alikuwa anakuja kwetu kila Jumapili eti kumsalimia mama, kumbe anafuata togwa (na mimi, alikuja kukiri baadaye), anamaliza kata mbili, anajifuta mdomo, ananitazama. Nilitaka anitazame tena vile. Hilo tu.

Tatizo ni kwamba togwa haidhuru ikinywewa mapema, ikikaa inachacha, na mimi niliipika Alhamisi kwa sababu Ijumaa alfajiri nasafiri. Halafu kwa mapenzi nikazidisha kimea, nikaongeza na sukari, nikajaza kidumu cha lita tatu, nikakaza kifuniko kwa koleo la Baba Jeni isije ikamwagika njiani. Koleo nikaliacha nyumbani. Ijumaa nikapanda boda mpaka Kilosa, pale nikapata gari la Mikumi, gari likapasuka tairi tukakaa juani saa tatu nzima, nikafika Mikumi nimechoka nikalala gesti. Jumamosi asubuhi nakitazama kidumu, kimenenepa, mbavu zote zimejaa. Nikasema aah, joto. Nikajaribu kukifungua nikionje, kifuniko hakigeuki, nikakiacha.

Nafika getini, namkuta mlinzi, mzee wa watu mpole lakini mkali wa kazi, anamkagua mama mwingine begi, katoa mpaka soda ya chupa akaiweka pembeni. Nikarudi nyuma ya kichaka, nikatoa khanga, nikakiweka kidumu mgongoni, nikakifunga kama ninavyomfunga mtoto, nikakifunika mpaka juu. Wala sikufikiri mara mbili, mkono ulikuwa unafanya wenyewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Lete begi." Akapekua, kaona nguo, sabuni, na daftari la Jeni nililomletea baba yake aone alama. Akanitazama mgongoni. "Na huyu?"

"Amelala, baba."

Yule mzee akashusha sauti. "Basi pita taratibu, asiamke."

Mungu anisamehe. Nikapita, na hatua chache tu namwona Baba Jeni amesimama mlangoni mwa banda la kikao, kanyoa, mashavu yamejaa, macho meupe ambayo sijayaona miaka, na jamani nilitaka kukimbia nimrukie, ila kidumu kinanivuta nyuma. Alitabasamu. Kisha tabasamu likasimama, maana ameona mgongo.

"Mama Jeni," akasema pole pole, "huyo ni nani?"

Sasa Jeni wetu ana miaka tisa, nimemwacha kwa bibi yake, na mwingine hatuna. Ningesema "ni togwa" kwa kunong'ona yangeisha pale pale, lakini watu wako karibu, ulimi ukateleza, "Nitakueleza baadaye." Baadaye! Mtu hajaniona wiki kumi na moja, natokea na kitoto mgongoni, namwambia nitamweleza baadaye! Nikamwona anahesabu miezi kichwani. Tulipoingia kukaa aliacha kiti kimoja kitupu katikati yetu.

Kile kiti kikakaliwa na mama mmoja aliyekuja kumwona kaka yake, mchangamfu, mpenda watoto, ole wangu. "Wa miezi mingapi? Mbona mkubwa hivi? Wa kike?" Mimi natikisa kichwa tu. Nyuma yangu alikaa babu mmoja wa Kisukuma aliyemfuata mwanawe, mfugaji kutoka upande wa Lumuma, amevaa shati jeupe limepigwa pasi likaiva, ameshika fimbo yake, ametulia. Mbele Madamu Felista anasema, "Ugonjwa huu unalelewa na siri. Familia ikificha, mgonjwa naye anaficha." Nasikia jasho linanitiririka, na mgongoni nasikia kitu kinasema fsss, fsss.

Yule mama akanigusa. "Dada, mfunue mtoto, anakosa hewa, namsikia anavyohema." Akashika khanga. Nikaishika na mimi. Akavuta, nikavuta, nikajiegemeza kwa nguvu kwenye kiti asiifikie, na hapo ndipo kifuniko kikaruka.

Mlio ule sijui niufananishe na nini, kuku wote wa pale walikimbia. Povu likanishuka shingoni mpaka kiunoni, lingine likarukia nyuma, na yule mama akapiga ukelele, "Mtoto! Mtoto amepasuka jamani!" Wanaume wakaruka viti kuja kumwokoa, mmoja akanivua khanga, kidumu kikaanguka, kikabingirika mpaka katikati ya watu kikitema povu. Kisha kimya. Kisha harufu.

Babu wa Kisukuma alikuwa amelowa kuanzia kichwani, shati lote limekwisha. Akajifuta uso kwa kiganja bila haraka. Akalamba midomo. Akafikiri.

"Hii imeiva, mwanangu," akasema.

Banda zima likaanguka kwa kicheko. Mimi badala ya kunyamaza (siku ya kufa nyani miti yote huteleza), nikapayuka, "Ni togwa! Togwa ya watoto!" na ili waamini nikakiokota kidumu nikapiga mafunda mawili makubwa mbele ya kadamnasi. Uwiii! Ilinichoma kuanzia kooni mpaka tumboni. Madamu Felista akaenda ofisini akarudi na kile kidude cha kupuliza, kama cha trafiki. "Puliza, mama." Nikapuliza. Kikalia. Mimi, mwanakwaya, sauti ya pili, nimepimwa ulevi saa nne asubuhi nyumba ya walevi, na aliyekutwa nao ni mimi peke yangu.

Hata mimi nilikuwa karibu kucheka. Nikageuka nimwone Baba Jeni kama anacheka. Kiti kitupu. Nikamtafuta kwa macho nikamwona mbali, kule mwisho kwenye uzio, ameshika seng'enge kwa mikono miwili, ametupa mgongo, na mabega yanamtetemeka. Mgonjwa mwingine alikuwa ameinama nje ya banda anatapika kwa ile harufu. Kicheko kilikufa chenyewe.

Madamu Felista hakunifokea, afadhali angenifokea. Alisema tu, "Mama, watu wa humu wanaishi siku moja moja. Nenda. Kesho njoo getini, mumeo mwenyewe ataamua." Mlinzi alinifungulia geti bila kunitazama. Nilimwambia nisamehe baba, akasema, "Mimi nilikuonea huruma kwa ajili ya mtoto."

Ile Jumamosi yangu niliimalizia gesti nikifua. Gauni nililifua mara mbili, khanga mara tatu, nikajisugua nywele kwa sabuni ya kipande mpaka kichwa kikauma. Nililia pia, sioni haya kusema. Alikuwa mwendo wa nusu saa kutoka pale nilipokaa na sikuweza kumwendea.

Jumapili akaja getini. Nilipomwona nikasogea, akanyanyua mkono.

"Usisogee, mama Jeni."

Akasimama hatua kama kumi hivi. Nikamwambia nimefua, nimeoga, sinuki. Akasema, "Najua. Lakini mimi bado nasikia, sijui ni kwako au ni kichwani mwangu."

"Nisamehe, baba Jeni. Nilitaka unywe kama zamani kwetu."

"Nimeelewa." Akatazama chini. "Nikwambie kitu? Wiki zote hizi nalala nakuwaza wewe. Jinsi utakavyokuja, utavaa nini. Hata jana na kile kimgongo chako, nilikasirika, lakini nilikuwa nakutazama wewe. Ile harufu ilipotoka sikukuona tena. Nilikuwa nakitazama kidumu, naangalia kama imebaki."

Alikuwa analia wazi wazi, mtu mzima, na mimi nalia upande wangu, na mlinzi katikati anajifanya kukagua kufuli. Nilimrushia daftari la Jeni juu ya geti, akaliokota, akalifungua palepale akasoma alama zote kwa sauti, hesabu, sayansi, mpaka uraia, pole pole, ili tuwe na sababu ya kuendelea kusimama. Alipomaliza akarudi ndani, akageuka mara moja, akaingia.

Basi hiyo ndiyo aibu yangu, chekeni mshibe. Ila nimejifunza, nilikuwa napeleka togwa kwa yule kijana wa Jumapili za mama yangu, na kule ndani yupo mwanamume mwingine anayepigana vita ambavyo sikuuliza hata vinafananaje. Nimeapa mbele ya Mungu sitambebea tena kitu kwa siri, kiwe kitamu namna gani. Mwezi ujao wameniruhusu tena, na Jumapili iliyopita Jeni alipomaliza dakika zake nilishika simu, safari hii sikumuuliza kama amekula.

"Baba Jeni, nikuletee nini?"

Dakika zangu mbili zilikuwa zinakwisha.

"Usilete kitu," akasema. "Njoo tu, unisogelee."