Kisima kiliponyamaza, script ikawasha pampu

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu, hapa hapa Kisauni. Pale nisipojua nitasema sijui. Mbele mtaona kwa nini nimeanza na ahadi hiyo.

Uani kwetu kuna kisima kimoja kitumiwacho na nyumba nne. Tulichanga tukanunua pampu ya kupandisha maji kwenye tangi. Aliyefaidika zaidi ni Bi Mwanaisha, jirani yetu mjane, ambaye mgongo haumruhusu tena kuvuta ndoo. Pampu ikifa, hana maji ila yale ya mkokoteni.

Na pampu ya namna hii ina adui mmoja: kuzunguka bila maji. Huungua.

Basi Salim, mtoto wa ndugu yangu, ambaye hushughulikia kompyuta katika ofisi moja ya mizigo Changamwe, akafunga kompyuta ndogo na kipimo cha kina cha maji kisimani. Akaandika shell script, yaani faili la amri ambazo kompyuta huzifuata, ya kukisoma kipimo hicho. Kiini chake:

if [ "$kina" -lt 50 ]; then zima; else washa; fi

Yaani kina kikiwa chini ya sentimita hamsini, zima pampu, vinginevyo, washa.

Ilifanya kazi vizuri hadi msimu wa kiangazi, maji yalipopungua. Asubuhi moja Bi Mwanaisha akanibishia hodi.

"Mwalimu, pampu yenu yakohoa. Maji haileti, yakohoa tu."

Nikaenda nikazima swichi ukutani. Pampu ilikuwa ya moto, haishikiki.

Salim alipofika jioni, alifungua script kwanza.

"Ami, mbona haina kosa? Maji yakiwa machache, inazima."

"Na yasipojulikana ni machache au mengi?"

Akafungua log, faili ambamo kompyuta huandika yaliyotokea. Error ilikuwa moja ikijirudia: mlinganisho ulitaka namba, ukapewa utupu. Waya wa kipimo ulikuwa umeliwa na kutu ya chumvi, kama chuma chochote cha huku kwetu, hivyo $kina haikuwa na kitu ndani.

Wakuu, hapa twende polepole.

Wengi hudhani if huuliza "ni kweli au si kweli?" Sivyo. Huuliza tu: amri hii imefaulu? Na mabano yale ya mraba nayo ni amri. Yakirudisha 0, jibu ni ndiyo. Yakirudisha 1, ni hapana. Yakirudisha 2, maana yake "swali lenyewe limenishinda".

Sasa else huzipokea 1 na 2 bila kuzibagua. Kutojua kukahesabiwa kuwa "hapana, maji si machache". Pampu ikawashwa.

Nikamwambia Salim kwamba chuoni, katika fiqhi, tulifundishwa: aliyenyamaza hanasibishwi na kauli yoyote, yaani kimya chake si ndiyo wala hapana. Bi Mwanaisha, aliyekuwa barazani akichambua mchicha, akadakia:

"Anyamazaye akahesabiwa amekubali ni mwari aliyeposwa. Salim, kisima wakiposa?"

"Sikiposi, bibi. Nakirekebisha."

Hakuongeza hata mstari. Aligeuza swali tu:

if [ "$kina" -ge 50 ]; then washa; else zima; fi

Yaani kina kikiwa hamsini au zaidi, washa, vinginevyo, zima. Sasa pampu huwaka kwa ushahidi wa maji peke yake. Hapana, sijui, waya umekatika: yote huangukia kwenye kuzima. Tukaunga waya, pampu ikapoa, na bahati ikawa ingali nzima.

Juzi waya ule ukakatika tena. Tangi likakauka. Bi Mwanaisha akampigia Salim simu, nami nikiwa kando yake.

"Tangi ni tupu."

"Na pampu, bibi? Yakohoa?"

"Imenyamaza kimya."

"Alhamdulillahi."

"Hiyo alhamdulillahi yako ndiyo nitakayoogea? Njoo uvute ndoo."

Akaja. Akavuta mpaka pipa la bibi likajaa, ndipo akaruhusiwa kuugusa waya. Pampu inafanya kazi hadi leo.

Funzo nililolipata: kabla ya kuandika else, jiulize ni nani mwingine atakayeingia kwa mlango huo zaidi ya yule uliyemkusudia. Na jambo lisiloweza kutenduliwa liweke nyuma ya sharti lililothibitika, si nyuma ya "vinginevyo".

Waliowahi kuponzwa na else yao, karibuni msimulie. Anayeona hoja yangu ina kasoro na aionyeshe. Asiyejua naye aseme hajui. Hilo pia ni jibu, na pampu yetu ni shahidi.