Dada Spera na Sehemu ya Kumi na Tisa

Dada yangu Sperancia ni fundi cherehani pale Ndama, na kama umefunga ndoa Karagwe miaka hii ya karibuni, kuna uwezekano mkubwa kamshonea shangazi yako. Atakuwa alimwambia pia kwamba kanenepa. Dada anasema ukweli wateja wakiwa wamenyoosha mikono juu, hawana pa kukimbilia. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, Edvina. Nimemaliza chuo, nasubiri ajira, nakaa kwake. Kazi yangu rasmi ni kushona vifungo. Kazi yangu halisi ni kuwa mtandaoni.

Mume wake, shemeji Elipidius, ni afisa mifugo. Watu wote wanamwita Daktari. Kituo chake kiko Isingiro, Kyerwa, kwa hiyo Jumatatu hadi Ijumaa anakaa huko anachanja ng'ombe, wikiendi anapanda pikipiki ya serikali anarudi nyumbani. Mtoto wao ni mmoja, Joviana, yuko bweni Bukoba. Nyumba ya watu wawili na nusu, na ile nusu ni mimi.

Sasa ili mnielewe inabidi niwarudishe 2021. Mwaka huo ng'ombe mmoja wa Isingiro, sijui alichukia sindano, sijui alichukia serikali, alimpiga shemeji teke akavunjika mguu. Wiki saba shemeji akawa nyumbani kwenye kochi, mguu kwenye stuli. Dada akahamishia cherehani sebuleni. Anashona, wanaangalia tivii. Ndiyo wakakutana na Malkia wa Ukungu.

Hilo jina siyo la kweli. La kweli limeandikwa kwa herufi za Kichina na hakuna anayelijua. Jina kaliweka DJ Rwegoshora wa Kayanga, yule anayetafsiri muvi kwa Kiswahili na kutuuzia kwenye flashi. Rwegoshora hatafsiri, Rwegoshora anapiga stori juu ya picha za watu. Malkia kamwita Mukandekezi. Jemadari anayempenda kamwita Mutalemwa. Mtoto wa mfalme, yule mwovu, anamwita Mheshimiwa tu. Majoka yanaruka, watu wanatembea juu ya maji, na katikati ya vita Rwegoshora anakwambia yule askari wa nyuma anafanana na mtu anayemdai.

Sehemu zilikuwa arobaini, ila ya kumi na tisa haikuwepo. Laptopu ya Rwegoshora iliingia maji akiwa katikati ya kazi, faili likafa, akaruka. Ya kumi na nane inaisha Mutalemwa kachomwa mkuki wa sumu kifuani, kalala chali kwenye theluji. Ya ishirini inaanza Mutalemwa yuko juu ya farasi, mzima, na nywele kachana.

Hapo katikati kulitokea nini? Miaka minne dada na shemeji waliligombania hilo swali. Dada alisema malkia alimuuguza kwa mikono yake, siku tatu bila kulala. Shemeji akasema Mutalemwa hakuumia, alijilaza tu ili aonewe huruma. Wanaume wote ndivyo walivyo, anasema mwenyewe, bila aibu. Wakati wa kumenya ndizi, wanabishana. Kanisani wakati wa matangazo, wanabishana kwa kunong'ona. Kila mwezi mtu anakuja na ushahidi mpya. Mimi nilikuwa nawacheka, ila niseme ukweli, nilikuwa natamani mume wa namna hiyo, wa kubishana naye kuhusu kitu ambacho hakipo.

Basi na mimi nikaingia na karata zangu. Kuna karata za tarot, mtandaoni zimejaa. Mama alipoziona kwenye simu yangu aliuliza kama nimeanza ramli, akataka kumpigia mchungaji. Nikamweleza kwamba kuna zile kumi na sita za watu wa ikulu tu, na mimi nazitumia kusema mtu ana tabia gani, kama vile watu wanavyosema huyu ni mtu wa mwezi wa nne. Kuna vikombe, hao ni wa moyo. Kuna panga, wa maneno makali. Fimbo ni wa moto, sarafu ni wa tumbo na shamba. Na kila kundi lina mjumbe, mpanda farasi, malkia na mfalme. Nikawagawia wote. Mheshimiwa nikampa Mfalme wa Panga. Mimi Mjumbe wa Fimbo, mdomo mwingi kazi hakuna. Dada nikampa Malkia wa Vikombe, yule anayeshika kikombe kwa mikono miwili na kukitazama kama mtoto.

Shemeji nikampa Mpanda Farasi wa Vikombe. Anakuja taratibu juu ya farasi, kikombe kakitanguliza mbele. Maneno matamu, zawadi ndogo ndogo, machozi karibu. Kufika anafika vizuri sana. Shemeji alifurahi, akaiweka kwenye stetasi. Dada akaniuliza kwa nini asiwe Mfalme.

"Mfalme amekaa," nikamwambia. "Huyu wako bado yuko njiani."

Nilikuwa natania. Nilikuwa na miaka ishirini, kila kitu nilikuwa natania.

Mwaka huu mwezi wa tatu tukajua njia ilikuwa inaishia wapi. Isingiro kuna mwanamke wa familia ya wafugaji anaitwa Ainembabazi. Alianza kumpa shemeji maziwa akipita kuchanja, halafu chakula, na mengine mnaweza kujaza wenyewe. Dada hakupiga kelele. Alifunga cherehani kwa kitenge, akarudi kwa wazazi wetu Muleba, mimi nyuma yake, tukakaa huko mpaka mwezi wa tano.

Shemeji alimfuata kama inavyotakiwa. Hakuja peke yake, alikuja na baba yake mdogo, mzee Protase wa Nyakasimbi, na madumu mawili ya lubisi, pombe yetu ya ndizi. Walikaa chini mbele ya wazee wetu. Shemeji alilia, akaapa kwamba yameisha, kwamba hata njia ya kupita pale ameibadilisha. Mzee Protase akasimama. Alisema anayeomba ni mtoto, lakini anayechukua mke ni yeye, na jambo hili likirudi wasimtafute Elipidius, wamwite yeye aje amchukue mtoto wake. Wazee wakanywa. Kwetu ukinywa umekubali.

Usiku ule kabla hatujarudi Ndama dada aliniita jikoni. Akaniuliza kwa sauti ya mzaha, ila macho hayakuwa kwenye mzaha, kama karata ya shemeji inaweza kubadilika. Nikaona anavyokunja na kukunjua kona ya kanga. Nikamwambia ndiyo, dada, mtu akipita kwenye moto anapanda cheo, shemeji sasa ni Mfalme wa Vikombe. Akacheka, akanisukuma bega. Nilijisikia mwema sana.

Mwezi wa saba Rwegoshora akatangaza kwenye stetasi kwamba, kwa maombi ya mashabiki na vitisho vya wengine, sehemu ya kumi na tisa kaitafsiri upya. Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza kuitaka, au ndivyo tulivyojua. Nikaileta kwenye flashi. Nilidhani wataivamia siku ileile. Dada akakataa. Alisema wameanza maisha upya, basi na tamthilia waanze upya, tangu ya kwanza, wafike pale kwa miguu. Akamuuliza shemeji kama ameshaiona. Shemeji akasema angeionea wapi, yeye na ng'ombe.

Kwa hiyo kila Jumamosi sehemu moja, kila Jumapili sehemu moja, tangu Jumapili ya katikati ya mwezi wa nane. Baada ya ibada, baada ya chakula, pazia linafungwa kidogo, dada anaweka cherehani pembeni kabisa. Nilianza kumsikia anaimba wakati wa kupiga pasi. Mwanzoni alikuwa anakaa kochi dogo. Kufika sehemu ya tisa alikuwa kochi kubwa, miguu kaiweka mapajani kwa shemeji. Kila wiki alikuwa anampa nafasi kidogo zaidi, nami nilikuwa naiona, naomba Mungu kimoyomoyo isiharibike.

Ya kumi na tisa iliangukia Jumapili ya katikati ya mwezi wa kumi. Mvua ilikuwa inanyesha, saa nane hivi mchana. Dada alikaanga karanga. Alivaa gauni alilojishonea mwenyewe, nikamtania kwamba tunaangalia muvi au tunapokea mahari. Akasema ninyamaze, nisije nikakosa karanga.

Ikaanza. Mutalemwa kwenye theluji. Malkia Mukandekezi anamburuta hadi kwenye pango, peke yake, anaanguka, anaamka. Dada kamshika shemeji mkono, anamfinya. "Unaona? Mikono yake mwenyewe. Unaona?" Shemeji anacheka, anasema subiri. Malkia anawasha moto. Anapika supu kwenye kofia ya chuma. Anamnywesha kijiko kimoja, cha pili. Mutalemwa anafumbua jicho moja.

Na shemeji, huku anatafuna karanga, akasema, "La pili linasubiri lione kama kuna nyama."

Sekunde mbili baadaye Rwegoshora kwenye tivii akasema, "Kafumbua jicho moja tu, la pili linasubiri lione kama kuna nyama."

Mvua ikaendelea. Mimi nilicheka nusu, halafu nikaacha. Maana mnaelewa, yale maneno siyo ya Wachina. Huwezi kuyasoma mahali. Yametoka kwenye kichwa cha Rwegoshora, mwezi wa saba mwaka huu, na yako kwenye sehemu hiyo moja tu. Na shemeji aliapa mwezi wa tano.

Dada hakuutoa mkono. Alibaki anautazama tu mkono wake ndani ya mkono wa mumewe.

"Umeiona wapi, Baba Jovi?"

Shemeji akasema sijui kwenye kibanda cha muvi, Isingiro, alipita tu, kulikuwa na mvua. Nikataka aendelee kudanganya. Kabisa, nilimuombea uongo mzuri. Lakini Mpanda Farasi yule hajui kudanganya akitazamwa, anajua kulia tu. Macho yakaanza kujaa.

"Ulipita tu," dada akasema. "Ulipita dakika arobaini na tano?"

Shemeji akaita, "Mama Jovi."

"Yeye wa huko, alicheka? Pale kwenye nyama, alicheka?"

Shemeji akainamisha kichwa. Akasema ndiyo.

Nadhani kama angesema kitu kingine chochote, kuhusu kitanda, kuhusu mimba, dada angekuwa ameshajiandaa nacho. Alikuwa amejiandaa miezi saba. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Nilisimama niizime tivii, akaniambia niache. Akasema amesubiri miaka minne kujua kilichotokea humo ndani, hatazimiwa. Akaangalia mpaka mwisho, ameketi wima, shemeji analia pembeni kama mgeni aliyekosea nyumba. Na kumbe dada alikuwa sahihi. Malkia alimuuguza kwa mikono yake, siku tatu, hakulala.

Ilipoisha aliingia chumbani na simu. Nilimsikia akisema, "Shikamoo baba. Ulisema tukuite wewe."

Mzee Protase alikuja Jumatatu asubuhi, kutoka Nyakasimbi kwa bodaboda, suruali imejaa tope mpaka magotini. Dada alimpigia magoti, akamwekea kisahani cha kahawa ya kutafuna kama anavyopewa mgeni wa heshima. Mzee hakuchukua hata punje. Nilitegemea abembeleze, wazee wetu wanajua kubembeleza. Akasema, "Mwanangu, mimi sina neno. Mwezi wa tano nilisema yote, nikayamaliza." Halafu akamwambia shemeji abebe begi lake. Shemeji alitoka na begi, akapakia pikipiki, baba yake mdogo akakaa nyuma, amemshika mabega. Mtu wa miaka arobaini anachukuliwa nyumbani kama mwanafunzi aliyefukuzwa shule. Ningeweza kucheka. Nilijaribu hata kutunga kichekesho chake kichwani, hakikuja.

Siku ya tatu ndiyo nikapata ujasiri. Dada alikuwa anatoa uzi kwenye pindo. Nikamwambia ile habari ya Mfalme niliitunga, kwamba karata haikuwahi kubadilika, nilitaka tu afurahi.

"Nilijua," akasema, hakuinua uso. "Nilitaka mtu mwingine alitamke, nisiwe peke yangu."

Wikiendi iliyofuata kwetu tivii haikuwashwa; tulishasikia kwamba shemeji alilala Nyakasimbi usiku mmoja tu, akarudi Isingiro. Jumamosi saa nne, mzee mmoja mfugaji alisimama mlangoni na fimbo yake. Ni mteja wa shemeji wa siku zote, wikiendi anamfuata hapa hapa. Ndama wake anaharisha siku ya pili sasa, hanyonyi. Tulimwamkia, akauliza Daktari kaamkaje. Nikafungua mdomo kusema kasafiri. Dada akaniwahi.

"Hayupo, baba. Yuko Isingiro."

Mzee akashangaa, Jumamosi? Akasema basi atapanda gari aende, ndama hawezi kusubiri, ila kule nyumba ya Daktari yeye haijui, Daktari hajawahi kumwambia anakaa wapi.

Dada alitua mkasi mezani. Tangu mwezi wa tatu sikuwahi kusikia lile jina likitoka mdomoni mwake, hata mbele ya wazee alikuwa anasema "huko".

"Ukishuka Isingiro," akamwambia, polepole, ili mzee asipotee, "uliza kwa Ainembabazi. Wanapajua wote. Utamkuta."

Mzee akashukuru sana, akaenda. Dada akabaki amesimama mlangoni, anamtazama anavyokata kona.