Maharagwe Hayajafiwa

Kumzika mume wangu kuligharimu shilingi mia moja thelathini na saba na senti arobaini: mbao, misumari, lori la kumtoa Thika hadi kwao Ruiru, na chai ya waombolezaji. Nimehesabu mara mbili. Seremala hakunipunguzia hata senti, na mimi sikumwomba. Hapo ndipo watu wangalijua kwamba nimeumia.

Maana mimi ni mwuza maharagwe wa soko la Thika, na kazi yangu hasa ni kubishana bei. Maharagwe ni kisingizio. Hata mume nilimpatia hapo. Alikuwa kibarua wa shamba la kahawa Ruiru, akija kwa gari la moshi kila Jumamosi kununua mkebe mmoja. Mkono wake wa kulia ulikosa kidole, basi nyongeza, ile konzi ya bure ambayo mnunuzi hujichotea mwenyewe, akadai aichote mara mbili. "Kiganja changu kinavuja," alisema. Tulibishana miezi saba. Mahari ilikubaliwa upesi kuliko nyongeza ile.

Alipokufa, watu walikuja. Wanawake wa kanisa walitoka Ruiru na pasi zao za ruhusa ya kusafiri mkononi, wakaniletea uji na kuni, wakanitekea maji. Sikatai; nilikunywa, nikaota moto. Lakini niliporudi sokoni nikasema, "Senti thelathini," na mnunuzi akatoa thelathini. Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto mgonjwa, akaenda zake. Wa pili vivyo hivyo. Hakuna aliyedai nyongeza, hakuna aliyeniita mwizi. Siku moja nilitaja hamsini kwa makusudi, nikalipwa hamsini. Nilirudi nyumbani na faida ambayo sijawahi kuiona, nikaipanga mezani, nikailia.

Na mume wangu mwenyewe hakuna aliyemtaja. Nikikaribia, mazungumzo yalikatika. Miezi mitatu nilimkumbuka peke yangu, mwishowe nikakata shauri kumwachia jirani nafasi yangu sokoni, nikakae kimya nyumbani.

Jumamosi niliyokusudia iwe ya mwisho, akaja mwanamke wa Gatuanyaga, rika langu, mwuza vikapu wa ng'ambo ya njia. Akachota maharagwe, akayapuliza.

"Bei gani, mwari wa maitu?" Ndivyo tunavyoitana madada.

"Thelathini."

"Aiya! Haya yana wadudu kuliko maharagwe. Marehemu alikuwa akilipa ishirini."

Mwuza viazi wa kando yangu akashtuka. "Wee! Huna haya? Huyu amefiwa!"

"Amefiwa yeye. Maharagwe hayajafiwa."

Kitu kikanipanda kooni. Nilidhani ni kilio, kumbe ni bei.

"Ishirini hakulipa hata siku moja! Ishirini na nane, tena kwa kunung'unika!"

"Mwongo wewe. Na nyongeza alipata mbili."

"Kwa sababu ya kidole!"

"Basi nionyeshe alivyochota."

Nikakunja kidole, nikachota. Maharagwe yakaponyoka pale pale yalipokuwa yakimponyoka yeye. Nikachota mara ya pili, na machozi yakaingia mkebeni. Yule mwanamke akangoja. Hakunibembeleza, hakunihubiria. Kisha akasema, "Hayo yameongeza uzito. Maji mimi sinunui."

Nikacheka hadi mwuza viazi akageuka pembeni. Alilipa ishirini na sita, na nafasi yangu sikumpa mtu.

Mwezi uliopita, binti wa mwanamke huyo alifariki. Aliporudi sokoni nilivuka njia, nikashika kikapu.

"Bei gani, mwari wa maitu?"

"Toa utakacho."

Nikatoa shilingi mbili, bei kamili ambayo kila mtu huishusha hadi moja na nusu, nikaondoka kimya kama wale wote. Mimi! Maneno nilikuwa nayo tayari: kwamba mshikio umepinda, kwamba binti yake alisuka vizuri kuliko yeye. Yakanikwama. Niliogopa kumwumiza, na ndipo nilipojua kwamba hata wale waliokuwa wakinilipa thelathini waliogopa hivyo hivyo.

Kikapu kiko hapa mbele yangu. Nimekikagua mara mbili, na kweli kimepinda. Jumamosi nitampitia tena. Wewe uliyewahi kufiwa, nishauri: nirudi nacho mbele ya soko zima nidai senti hamsini zangu, au bado ni mapema mno?